Ubongo Uliopakwa Mafuta

Mimi kukaa kitako sijui. Mama yangu husema nilizaliwa nimesimama, na akisema hivyo hatanii sana. Kikao kikirefuka kidogo tu, mguu wangu unaanza kutikisika chini ya meza wenyewe. Aliye karibu anauona, ananiangalia, nami namkodolea macho mpaka ageuke. Kwa hiyo mtu aelewe nilivyoteseka mwaka ule kikundi chetu kiliponipa kazi ya kuchagua kidhibiti cha kiwanda, nikapitisha miezi mizima nikichagua kitu kimoja.

Kidhibiti ni neno la vitabuni. Sisi mafundi tunasema PLC, herufi tatu tu, lakini akina mama wa kikundi walikiita ubongo, nami nikaona wao ndio wamepatia. Ni kisanduku kinachokaa ndani ya kabati la chuma ukutani. Nyaya zinaingia kutoka kwenye sensa zikileta habari: maembe yamefika, tangi limejaa, joto limepanda. Nyaya nyingine zinatoka kwenda kwenye mota na vali na amri: anza, simama, funga. Katikati kuna programu iliyoandikwa na mtu kama mimi. Bila kisanduku hicho, kiwanda ni mapipa ya chuma chini ya mabati, basi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, ukumbi mmoja tu ng'ambo ya Kalamba, mali ya wakulima walioanza kama mwethya. Mwethya kwetu Ukambani ni kazi ya kusaidiana: leo tunachimba mitaro ya shamba lako, kesho langu, na anayechelewa anaimbiwa wimbo wa kumsema. Kutoka mitaro wakafika kununua mashine za kusaga maembe yawe rojo. Walizipata kwenye kiwanda kingine kilichofungwa, mashine nzima kabisa, ila ubongo wake ulikuwa umeng'olewa. Mama alikuwa kwenye kamati. Ndiye aliyesimama kanisani akatangaza kwamba mtoto wake ni injinia wa mambo hayo hayo, yuko Nairobi, na atakuja kuutafuta ubongo mpya. Hakuniuliza. Mimi niliisikia habari hiyo kwa jirani aliyenipigia simu kunipongeza. Aiya!

Nilikuja kwa sababu mkataba wangu wa Nairobi ulikuwa umekwisha, na kazi nyingine, kwenye kiwanda cha sukari kule magharibi, ilikuwa inaningoja Desemba. Nikaona bora nizunguke na ubongo kuliko kukaa bure. Siku ya kwanza tu nilimwambia mama waziwazi: msimu wa maembe ukifunguliwa na mashine ikikubali, mimi ninaenda. Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo.

"Sawa," akasema. Hakuinua macho.

Nilijua anataka nibaki. Baba alishakufa, ndugu zangu wako mbali, na nyumba ile ina viti vingi kuliko watu. Lakini mama si mtu wa kuomba. Akitaka kitu anakizunguka kama anayemkamata kuku, bila kumwangalia kuku mwenyewe. Nami ni kuku wa miaka mingi, namjua.

Basi nikaanza kuzunguka na ubongo. Waliokuwa wanagombea walikuwa watatu.

Wa kwanza ulikuwa ule mkubwa, wa Ulaya, na nisidanganye, niliupenda. Una skrini ya rangi unayoigusa kwa kidole. Una vipande unavyoongeza kadiri kiwanda kinavyokua. Joto letu la Oktoba, lile linalokausha mate mdomoni, haliusumbui hata kidogo. Nilikuwa nimeufanyia kazi miaka mingi Nairobi na vidole vyangu viliujua gizani. Shida yake ni moja: programu inataka leseni, leseni iko kwenye kompyuta yangu, na spea inaagizwa ng'ambo. Ukiharibika, unamngoja mtu mmoja anayeitwa mimi, kisha mimi na wewe pamoja tunangoja ndege.

Wa pili ulikuwa wa bei ya chini, na ulisifiwa sana. Nikaenda mpaka Kitui kuuona ukifanya kazi kwenye kinu cha kusafisha ndengu. Meneja wa pale alinipokea kwa soda, akasimama mbele ya mashine na tumbo lake, akaniambia ubongo huu haujawahi kumletea shida. Alipokuwa anasema, mkanda wa kubebea ndengu ukasimama.

"Huo umepumzika tu," akasema.

Kumbe stima ilikuwa imekatika kidogo asubuhi, na ubongo ukasahau ulikuwa unafanya nini. Nikaomba kitabu cha maelezo. Kilikuwa cha lugha ambayo sikujua hata nikishike juu ni wapi na chini ni wapi. Nikamshukuru meneja, nikamaliza soda kwa heshima, nikaondoka. Njia nzima kurudi nilikuwa nanung'unika peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Wa tatu niliukuta mjini Sultan Hamud, kwenye duka la mama mmoja ambaye familia yake ilitoka Garissa. Duka lilikuwa limejaa paneli za sola, pampu za visima, mipira ya maji na, nyuma kabisa, rafu ya vidhibiti vidogo vya rangi ya kijivu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia la nyaya kama malkia, buibui lake limejaa vumbi la barabara kuu, simu mbili mkononi.

"Injinia," akaniambia baada ya kusikia habari zangu, "kila kisima kutoka hapa mpaka Kibwezi kina hiki kijivu. Hakina sura, lakini pia hakina maneno."

"Skrini yake ni mistari miwili tu."

"Kwani unataka kutazama sinema?"

Nikacheka bila kutaka. Akanionyesha kadi ndogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Programu inakaa humo. Kisanduku kikiungua unachomoa kadi, unaitia kwenye kisanduku kingine, kazi inaendelea. Mafundi wa stima wa barabara ile, wa Salama, wa Emali, wote wanakijua. Hakihitaji leseni. Nikamwambia nitafikiria. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu wa Nairobi, na yeye akaisikia.

"Fikiria, dada, fikiria. Lakini nikwambie kitu kimoja. Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Basi siku utakayokwama itakuwa Jumapili. Hao wa Nairobi watakuwa wamefunga. Mimi Jumapili niko hapa. Ijumaa mchana ndiyo usinitafute."

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuchosha. Asubuhi nilikuwa upande wa ule mkubwa, ikifika mchana niko upande wa kijivu, jioni nimekasirikia yote miwili. Nilitembea uani kwa mama nikizunguka tangi la maji, kuku wakinikimbia. Nilichora jedwali: joto, vumbi, stima inayokatika, spea, nani ataitengeneza. Kila nilipofika mstari huo wa mwisho, kalamu ilisimama. Nani ataitengeneza? Kama jibu ni mimi, basi siendi kokote. Kama siyo mimi, basi ni kijivu. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, nami nilikuwa naipinga kwa sababu ule mkubwa ulikuwa mzuri, na kwa sababu fundi yeyote hupenda kuacha nyuma kitu kinachofanana naye.

Mwishowe nikachagua kijivu. Niliandika hata programu yake kwenye kompyuta, nikaazima kijivu kimoja pale dukani, nikaijaribu mezani kwa mama na taa ndogo badala ya mota, ikawaka vizuri, nikakirudisha. Kisha nikaenda mbele ya kamati.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu anayeongoza kikao kama bado yuko darasani. Nikawaeleza yote mitatu, polepole, kwa Kiswahili na Kikamba, mguu ukitikisika. Nikamaliza nikisema, "Mimi ninaondoka Desemba. Chukueni kijivu. Hata fundi wa Salama ataweza kukitengeneza." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi.

Mama akasimama. Alisimama kwa kushika meza kwa mikono miwili, akakunja uso kidogo kabla hajanyooka.

"Huyu mtoto tulimsomesha," akasema. "Ameona viwanda vikubwa. Sasa atuambie tununue kitu cha pampu za visima? Kwani maembe yetu ni maji? Mimi nasema tununue ule mkubwa. Ule anaoujua yeye."

"Lakini mama," mwenyekiti akasema, "mtaalamu mwenyewe amesema kijivu."

"Mtaalamu nimemzaa mimi."

Ukumbi ukacheka mpaka mabati yakaitikia. Ukicheka hivyo kwenye kikao cha kwetu, jambo limeshapita. Wakapiga kura, mikono ikapanda kama mahindi ya mvua nzuri, na ule mkubwa ukashinda.

Nje nilimkabili. Nilikuwa nimekasirika kweli.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Una haraka nyingi. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi kunywa uji."

Akatembea mbele yangu kwenda nyumbani, polepole, akiegemea upande mmoja. Nilidhani ananiringia.

Ubongo mkubwa ukanunuliwa, ukaja kutoka Nairobi umefungwa kama yai. Nikaufunga kwenye kabati, nikavuta nyaya, nikaandika programu upya. Na sitaficha, nilifurahi. Nilikuwa nimeshindwa kwenye kura na bado nimepata nilichokipenda. Nilipowasha skrini mara ya kwanza, ikatoka rangi zote, akina mama wakapiga vigelegele. Mama alisimama nyuma yao amekunja mikono, anatabasamu kama aliyeuza ng'ombe mzee kwa bei ya ndama. Nikamwambia, "Mkikwama, mimi nitakuwa mbali." Akasema, "Utakuja. Barabara iko."

Ikafika wiki ya kufungua msimu. Mawakala walikuwa wamepita na malori yao wakitaka maembe, na wanachama wakawafukuza, mama akiwa wa kwanza kuwafukuza. Yeye hata alimwambia mmoja arudishe kreti zake, akazibebee kwingine. Kwa hiyo maembe ya kikundi yote, na ya mama yakiwemo, yalikuwa yameshachumwa, yamejaa ukumbini kwenye kreti, yanazidi kuiva kwenye joto lile. Harufu yake ilikuwa tamu hata inachosha. Jumatatu asubuhi tungeanza kusaga. Jumapili baada ya ibada, mchungaji na waumini wangekuja kukiweka kiwanda wakfu. Tusingesaga Jumatatu, tungezika maembe, na mawakala wangepita tena wakicheka, na aliyesimama kanisani kuahidi ni mama.

Jumamosi mwethya ukaja kufanya usafi. Kwetu mgeni haji mahali pachafu, na mchungaji akija na mafuta ya upako ndiyo kabisa. Wakaja na ndoo, na mafagio, na sabuni ya unga, na nyimbo. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimezima umeme nikaze skrubu fulani ndani ya kabati. Nikaitwa nikale muthokoi kwa jirani. Nikaenda, na mlango wa kabati nikauacha wazi upate hewa. Niliporudi, ukumbi ulikuwa unang'aa, sakafu imekauka, mlango wa kabati umefungwa. Nikasema, vizuri, wameona nilisahau. Nikafunga kufuli, nikaenda kulala.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nikapita kuwasha nihakikishe. Nilibonyeza swichi. Kukatokea mlio, siyo mkubwa, kama mtu amekanyaga ganda. Kisha moshi mwembamba. Kisha ile harufu ambayo kila fundi wa stima anaijua na hataki kuinusa. Skrini haikuwaka. Nikafungua kabati, na kilichonigonga usoni kwanza ilikuwa harufu ya sabuni.

Nikapiga kelele. Hata sikumbuki maneno yote, na baadhi sitaki kuyakumbuka, maana ilikuwa Jumapili. "Nani ameshika hapa? Nani mwenye mikono mirefu hivyo?" Watu waliokuwa wanapanga viti wakakimbilia mlangoni na nguo zao za kanisa, wakasimama kama wanafunzi.

"Ni mimi," mama akasema.

Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani. Akaja mpaka mbele ya kabati.

"Kilikuwa na vumbi," akasema. "Ndani kote vumbi jekundu. Kazi yako, na watu wanakuja kuitazama. Nikakiosha. Nikakikausha na leso yangu." Akasita. "Nikakipaka mafuta kidogo."

"Mafuta gani?"

"Ya kujipaka. Kiang'ae."

Nikaingiza kidole. Kweli, kila kipande cha ubongo ule wa Ulaya kilikuwa kimepakwa mafuta ya mgando, vizuri, mpaka kwenye pembe, kama vile alivyokuwa akinipaka mimi uso na magoti asubuhi za Jumapili, akinishika kidevu nisitoroke. Maji ya sabuni yalikuwa yamebaki ndani, chini ya vipande, yakangoja niwashe. Mbele ya watu wote nikataka kulia na kucheka, nikashindwa kuchagua.

Nikapiga simu Nairobi kwa waliotuuzia. Imezimwa. Nikapiga nyingine, nikampata mlinzi, akanitakia Jumapili njema. Hata wangepokea, spea inatoka ng'ambo. Nikawa natembea kutoka kabati mpaka mlango, kutoka mlango mpaka kabati, na maembe yananitazama. Halafu nikamkumbuka mama wa Sultan Hamud juu ya gunia lake la nyaya.

Mwenyekiti akanipa pikapu yake bila swali. Niliendesha vibaya, nasema ukweli, kwenye vumbi na kisha kwenye lami ya barabara ya Mombasa, nikiomba duka liwe wazi. Lilikuwa wazi. Aliponiona nikishuka hata hakusimama.

"Si nilikwambia Jumapili?"

"Nipe kijivu. Na kipande cha kuongezea nyaya. Na transfoma yake ndogo, ile ya volti ishirini na nne."

"Kile kikubwa kimefanya nini?"

"Kimeoshwa."

Akanitazama, akaona sitanii, akajishika mdomo kwa ncha ya buibui. "Na nani?"

"Na mama yangu."

"Wallahi," akasema, na mabega yake yakaanza kucheka kabla yake. Lakini alifunga vitu vyote kwa mikono yake mwenyewe, akaongeza fyuzi ambazo sikuziomba, akaniambia, "Usimgombeze sana. Mama akikuoshea kitu, hajakosea yote."

Niliporudi, kanisa lote lilikuwa limeshafika kwa ajili ya wakfu. Mchungaji alikuwa na chupa yake ya mafuta. Nikasimama katikati ya njia.

"Mchungaji, nakuomba. Omba ukiwa nje. Mafuta yametosha humu."

Akaelewa, maana habari zilishaenea. Wakakaa chini ya kivuli cha ukuta wakaimba, na mimi nikaanza kung'oa. Mama alikataa kwenda nje. Akaketi juu ya kreti tupu kando yangu, mguu mmoja ameunyoosha mbele juu ya kreti nyingine, na akauliza anisaidie nini. Nilitaka kumwambia asiguse kitu. Badala yake nikamwambia, "Nisomee namba." Kila waya una kibandiko cha namba kwenye ncha. Akavaa miwani, akawa ananisomea, sauti ile ile ya kusoma tangazo kanisani, nami naunganisha kwenye kijivu. Tulifanya hivyo muda mrefu. Nje walibadilisha wimbo mara nyingi.

Halafu, kati ya namba mbili, akasema, "Nilijua kijivu ndicho kinachofaa."

Bisibisi ikasimama mkononi.

"Nilikuelewa siku ile ya kikao. Si mimi mjinga. Nilisema, huu mkubwa unajulikana na yeye peke yake. Ukisimama atakuja. Ukisimama tena atakuja tena. Na mashine husimama. Mimi sina mkono wa kukushika, mwiitu wakwa. Nikasema mashine ikushike." Mwiitu wakwa ni binti yangu. "Halafu nikaiosha mwenyewe."

Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Niliangalia mikono yake, bado ina mafuta kwenye mikunjo ya vidole.

"Sasa hiki," akauliza, akionyesha kijivu kwa kidevu, "hata yule fundi wa Salama anakijua?"

"Anakijua."

"Basi." Akarudisha miwani yake sawasawa. "Namba inayofuata ni kumi na saba."

Ile programu niliyokuwa nimeijaribu mezani kwake ilikuwa bado kwenye kompyuta. Nikaitia kwenye kadi, kadi nikaitia kwenye kijivu. Jua lilikuwa bado halijashuka nilipowasha. Mistari miwili ya skrini ikaandika maneno yake bila rangi yoyote. Nikamwambia mama aje abonyeze yeye. Akainuka kwa kujishika ukutani, akabonyeza kitufe cha kijani kama anayejaribu kama pasi ina moto. Mkanda ukaanza kutembea. Mota ya kusaga ikanguruma, joto likapanda mpaka pale nilipolitaka, likatulia. Nje wakasikia wakaacha kuimba, wakaingia wote, na mchungaji akaficha chupa nyuma ya mgongo, Mungu ambariki. Mama hakupiga kigelegele. Alisimama karibu na kitufe akikitazama.

Jumatatu maembe yakaingia. Rojo ikatoka, ya njano iliyokolea, na wa kwanza kuonja alikuwa mwenyekiti, akailamba kwa heshima zote za ualimu. Siku zilizobaki nilinakili programu kwenye kadi ya pili ya akiba, nikamfundisha mama na wengine wawili kuchomoa kadi na kuirudisha, kubadilisha fyuzi, kusoma ile mistari miwili. Mama alijifunza haraka kuliko wote. Alijifunza kwa hasira kidogo, niliona. Nilipoondoka alinifungia maembe kwenye kyondo, akanisindikiza mpaka kwenye ua, siyo barabarani. Nilidhani bado ana kinyongo.

Kule kwenye sukari nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili jioni. Nikimpigia nilikuwa natembea, kutoka mlango wa chumba mpaka dirishani, narudi. Niliuliza joto, niliuliza mkanda, niliuliza stima. Alinijibu yote vizuri, kama karani. Simu zilikuwa fupi.

Halafu Februari, maembe yakielekea mwisho, simu ikaita nikiwa zamuni. Yeye huwa hapigi siku za kazi. Nikatoka mbio kwenye kelele za vinu mpaka uwanjani.

"Mashine imesimama?"

"Ilisimama jana. Fundi wa Salama akaja, tukatia kadi ile nyingine, ikaamka."

"Fyuzi?"

"Tulibadilisha."

"Joto linashika?"

"Linashika."

"Na mlango wa kabati mnaufunga?"

"Tunaufunga. Na hakuna anayeosha," akasema, akacheka kidogo.

"Sasa shida iko wapi, mama?" Nilikuwa naangalia mlango wa vinu. Walikuwa wananiita kwa mkono, na mguu wangu ulishaanza.

"Umemaliza kuuliza mashine?"

"Nimemaliza."

"Sasa uliza mama."

Tangu Desemba, kila Jumapili, na sikuwahi kumuuliza. Nilikohoa.

"Mama, uko aje?"

"Goti linaniuma," akasema. "Lilianza kabla ya kile kikao. Mpaka kwenye ua siku ile ndipo lilipoishia, barabarani halikufika. Na wewe ulikuwa ukiniona."

Wenzangu waliniita tena. Nikakaa chini, pale pale kwenye saruji, nikamwambia aendelee.